Mlango wa Mtendaji

Hodi ni neno fupi lenye sheria nzima ndani yake. Anayelitamka hukiri mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba anaijua nyumba aliyoijia, na kwamba kuijua hakumpi idhini ya kuingia. Naye mwenye nyumba, kabla hajasema karibu, ana haki ya kunyamaza. Watu wa pwani waliitia adabu hii katika mawe na chokaa. Baraza likawekwa nje kabisa, kwa yeyote apitaye. Likafuata daka, kwa mgeni ambaye jina lake limekwisha kujulikana. Kisha sabule, kwa mgeni wa kulala. Na mwisho ndani, ambako hata shemeji huingia kwa kukohoa. Mtu wa Lamu ya zamani, lau angeulizwa kama nyumba yake ni siri au ni wazi, angeliona swali hilo halijakamilika. Angemrudishia muulizaji: unakusudia sehemu gani ya nyumba?

Hata hivyo swali hilo sasa linaulizwa katika mabunge ya nchi mbalimbali, na linaulizwa kwa uchungu. Julai 2020, katika mji wa North Brunswick, jimbo la New Jersey nchini Marekani, mtu aliyejifanya mleta vifurushi alifika nyumbani kwa Jaji Esther Salas, akamuua kwa risasi mwanawe wa pekee, Daniel Anderl, kijana wa miaka 20, na kumjeruhi vibaya mume wa jaji. Muuaji alikuwa wakili aliyewahi kuwa na kesi mbele ya jaji huyo. Mwaka haukwisha ila jimbo lile lilikwisha kupitisha Sheria ya Daniel, inayozuia kutangazwa kwa anwani za majaji, waendesha mashtaka na askari polisi. Na mwaka 2022 serikali ya shirikisho ikatunga ya kwake kwa ajili ya majaji wake. Tarehe 14 Juni 2025, huko Minnesota, mtu aliyevaa kama askari polisi alifika usiku kwenye mlango wa Melissa Hortman, aliyewahi kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo, akamuua yeye na mumewe. Katika vitu vya mtu yule zilikutwa orodha za majina ya wanasiasa, mengine yakiwa na anwani za nyumbani. Msomaji atazame jambo moja katika visa hivi viwili: wauaji hawakuvunja mlango kwanza. Walibisha. Waliichukua hodi, silaha ya wanyonge na wastaarabu, wakaigeuza kuwa ufunguo.

Kwetu Tanzania hakuna sheria iliyotungwa kwa ajili ya makazi ya viongozi peke yao. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo huihesabu anwani ya mtu, pamoja na alama za vidole vyake na kundi lake la damu, kuwa ni katika taarifa zake binafsi. Inamlinda kila mtu, awe kiongozi asiwe. Juu yake iko Katiba ya 1977, ambayo katika ibara ya 16 inataka nafsi ya mtu, familia yake na maskani yake viheshimiwe. Wanasheria huenda wakasema hapo pametosha. Mimi nataka kulichukua swali hili nilipeleke mahali ambako wanasheria ni wachache.

Ipililo ni kata katika Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na kufanyiwa makao makuu Bariadi. Ni nchi ya Wasukuma, ya pamba na ng'ombe na nyua za minyaa, iliyo mbali na bahari kiasi kwamba msomaji wetu wa Wete anaweza kujiuliza imefikaje katika kurasa hizi. Imefika kwa sababu huko ndiko neno anwani linakoonekana lilivyo jembamba. Tuseme yuko afisa mtendaji wa kijiji katika kata hiyo. Ni kijana aliyeletwa kutoka wilaya nyingine, kapanga vyumba viwili, ana mke na mtoto mchanga. Yeye ndiye anayedai mchango wa darasa la shule, anayeandika barua ya utambulisho, anayemwita mwenye ng'ombe walioingia katika choroko za jirani, anayepiga muhuri. Hakuna mtoto wa kijiji hicho asiyeweza kumpeleka mgeni mpaka mlangoni pake. Namba yake ya simu imeandikwa kwenye mlango wa ofisi, na aghalabu ni simu yake mwenyewe, kwa vocha yake mwenyewe. Mtu huyu sheria imfiche vipi, na imfiche kwa nani?

Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, nchi nzima iliingia katika operesheni ya anwani za makazi: barabara na njia zikapewa majina, nyumba zikapewa namba. Kazi hiyo ina faida zake na sitaki kuibeza. Mzazi anayeomba gari la wagonjwa usiku anajua thamani ya namba mlangoni. Lakini tukifikiri vizuri, namba ile haikumwambia mwanakijiji jambo lolote asilolijua. Ilimwambia asiye mwanakijiji. Na hapa, nadhani, ndipo penye kiini cha jambo. Ujuzi wa kijijini ni wa pande mbili. Anayejua pa kulala mtendaji, mtendaji naye anajua pa kulala yeye, na anajua mamake ni nani, na deni lake dukani ni kiasi gani. Anwani iliyomo katika orodha ni ujuzi wa upande mmoja: unamjua mtu asiyekujua, unamwendea bila yeye kuwa na njia ya kukujia. Ndiyo maana hodi ya kweli hufuatwa na swali "nani?", na ndiyo maana wale wauaji wa Marekani ilibidi waseme uongo kwa mavazi yao kabla swali halijajibiwa. Kwa hoja hii, siri ya anwani ingekuwa ni dawa ya ugonjwa wa mijini, na Ipililo ingekuwa haiihitaji.

Hoja hii inapendeza, lakini ina tundu, na tundu lenyewe ni Kibiti.

Kati ya 2016 na 2017, katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, mkoani Pwani, waliuawa makumi ya watu, na wengi wao walikuwa wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa chama, pamoja na askari polisi, ambao wanane kati yao waliuawa kwa mara moja tarehe 13 Aprili 2017. Viongozi wa vijiji walifuatwa usiku majumbani mwao. Hapakuhitajika orodha. Hapakuhitajika namba ya nyumba wala mtambo wa kuitafutia. Aliyetaka kujua anapolala mwenyekiti alijua kama ajuavyo kila mtu. Wapo viongozi waliokimbia nyumba zao. Na mwenyekiti wa kitongoji akikimbia nyumba, ofisi imekwenda pamoja naye, maana ofisi yake ilikuwa ni ule mkeka wa kibarazani. Kilichouawa kule pamoja na watu ni ile imani kwamba kujulikana ni hifadhi. Wazee wetu walisema nyumba njema si mlango. Lakini usiku ule mlango ndio uliokuwa kila kitu.

Na mwaka huohuo, tarehe 7 Septemba 2017, Mbunge Tundu Lissu alipigwa risasi nyingi mchana kweupe mjini Dodoma, akiwa ndani ya gari lake mbele ya makazi yake, katika eneo la nyumba za viongozi, akitoka bungeni. Alinusurika, lakini miaka ikapita bila mtu kufikishwa mahakamani. Hapo tena, anwani haikuwa na kazi. Sheria ya taarifa huzuia macho ya mgeni. Haizuii mkono wa anayejua tayari. Asitokee mtunga sheria akatuahidi zaidi ya hayo.

Tukiachia hapo tutakuwa tumezungumzia usalama tu, ilhali swali ni la haki: kiongozi ana haki ya nyumba kama niliyo nayo mimi, au alipokubali cheo aliuza sehemu ya nyumba yake? Wasomaji wa pwani wamelelewa na visa viwili vya Sayyidna Umar ambavyo husimuliwa mbalimbali, mara chache vikakutanishwa. Cha kwanza ni cha Saad bin Abi Waqqas, gavana wa Kufa, aliyejenga jumba na kulitia lango ili kelele za sokoni zisimsumbue. Habari zilipomfikia Umar, alimtuma Muhammad bin Maslama kutoka Madina, na amri yake ilikuwa moja: aende alichome lango lile moto. Mjumbe alifika, akalichoma, akarudi. Cha pili ni cha Umar mwenyewe, anapita usiku, anasikia sauti za ulevi nyuma ya ukuta, anapanda ukuta na kumkuta mtu na kinywaji chake. Yule mtu akamwambia: mimi nimekosa mara moja, wewe umekosa mara tatu, umepeleleza nawe umekatazwa kupeleleza, umepita ukutani nawe umeamriwa kupita milangoni, umeingia bila idhini wala salamu. Umar akatoka.

Visa hivi viwili vinapokaa pamoja, vinatoa kanuni iliyo wazi: mlango wa raia usiguswe, lango la mtawala lisiwepo. Ingekuwa rahisi kama watu wangekuwa wa aina mbili. Tatizo ni kwamba gavana naye, taa ikizimwa, ni raia aliyelala na wanawe. Na tazama historia ilivyowatendea waliofuata. Khalifa Uthman alizingirwa nyumbani kwake Madina mwaka 656. Wanahistoria husimulia kwamba mlango wake ulitiwa moto, na kwamba waliomuua waliingilia nyumba ya jirani. Alikuwa akisoma msahafu. Moto uliochoma lango la Kufa kwa haki na moto uliochoma mlango wa Madina kwa dhuluma ni moto mmoja, na tofauti yake haimo katika kuni. Imo katika kilichokuwa nyuma ya mlango. Kule Kufa, nyuma ya lango yalikuwa mashauri ya watu yaliyofungiwa. Madina palikuwa na mzee na mkewe.

Msahafu wenyewe umeligusa jambo hili kwa upole ambao hatujauzingatia vya kutosha. Katika Surat Al-Hujurat wanalaumiwa waliokuwa wakimwita Mtume kwa kelele kutoka nyuma ya vyumba vyake. Wakaambiwa kwamba lau wangengoja mpaka atoke, ingekuwa kheri kwao. Hawakulaumiwa kwa kujua vilipo vyumba, wala hawakuambiwa kwamba hana wajibu wa kutoka. Walitakiwa wangoje, naye atatoka. Sharti lina pande mbili, na viongozi wetu wengi hupenda kuusoma upande mmoja.

Basi ni lini nyumba ya kiongozi yenyewe ni jambo la umma? Naona kuna nyakati mbili, na yote mawili yametokea.

Ya kwanza ni pale kiongozi asipoishi anapopaswa kuishi. Huko New Jersey, mwandishi mmoja wa gazeti dogo la mji wa New Brunswick aligundua mwaka 2023 kwamba mkurugenzi wa polisi wa mji wake aliandikishwa kupiga kura katika mji wa Cape May, mwendo wa saa mbili na zaidi kwa gari. Alipotaka kuiandika habari hiyo na anwani yake, alionywa kwa Sheria ya Daniel, ileile iliyotungwa kwa damu ya kijana yule. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya jimbo, ambayo Juni 2025 iliamua dhidi yake: kuutaja mji hakuna ubaya, mtaa na namba ya nyumba asiandike. Kwa maoni yangu mahakama haikukosea sana. Habari ilikuwa ni ule umbali, na umbali hauhitaji namba. Lakini ni bahati kwamba mwandishi alikuwa na ukaidi wa kulifuata shauri mpaka mwisho. Mwingine angeinyamaza habari yote kwa kuuogopa mtaa. Tulete shauri hili nyumbani. Mtendaji anayetakiwa Ipililo lakini analala Bariadi, anafika Jumatatu saa tano na kuondoka Ijumaa mapema, ni malalamiko yanayosikika katika wilaya nyingi za nchi hii, bara na visiwani. Mwananchi ana haki ya kusema: mtendaji wetu haishi hapa. Hana haja ya kusema: anaishi nyumba ya tatu baada ya msikiti, na mkewe hubaki peke yake.

Ya pili ni pale nyumba inapokuwa ushahidi. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya 1995, inamtaka kiongozi atamke mali zake, zikiwamo nyumba. Na Zanzibar ikawa na sheria yake ya namna hiyo mwaka 2015. Ghorofa lililochipuka ghafla ni jambo la umma hata kama ndani yake wamelala watoto. Hapa ndipo ninapoiogopa siri zaidi ya ninavyoiogopa fedheha. Sheria ya kuficha anwani, mikononi mwa mwenye ghorofa, ni pazia zuri mno. Atasema ni usalama wa familia, na nani atabishana na usalama wa familia? Lakini kiwanja, hati, jina la mwenye hati na gharama ya ujenzi si mambo ya ndani. Ni baraza. Chumba wanacholala watoto, shule wanayokwenda, saa wanayorudi, ugonjwa wa mke, simu ya mama mzazi: hayo ndiyo ndani, na hayo yalindwe bila kigugumizi, hata kwa kiongozi tunayemchukia. Khasa kwa huyo.

Wakenya walilipitia jambo hili mwaka 2024. Muswada wa Fedha ulipofika bungeni, vijana walisambaza namba za simu za wabunge, na simu hizo zikafurika ujumbe usiku na mchana. Nimesikia watu wazima wakililaani tendo hilo kama uvamizi. Sikubaliani nao. Simu ya mwakilishi ni baraza lake. Aliyewaomba kura kwa simu hiyo hawezi kuiita chumba cha kulala pindi kura zinapodai hesabu. Lakini baada ya tarehe 25 Juni, Bunge lilipovamiwa, zilishambuliwa pia nyumba na biashara za baadhi ya wabunge, na hapo mpaka ulivukwa. Muswada uliondolewa siku iliyofuata. Nani anaweza kusema ni simu zilizouondoa, au ni moto, au ni vijana waliouawa kwa risasi barabarani? Naamini ni hao wa mwisho, na ni vibaya kwamba mjadala wa nyumba za wabunge ulichukua nafasi kubwa kando ya majeneza yao.

Jambo moja zaidi linanikera katika mjadala huu wa ulimwengu: huanza juu. Huanza kwa jaji, spika, waziri. Waziri ana ukuta, ana askari, ana gari lenye vioo vyeusi. Hakimu wa mahakama ya mwanzo humfunga mtu miezi sita kisha hupanda daladala moja na kaka wa mfungwa. Muuguzi wa zahanati amefiwa na mgonjwa mikononi na nyumba yake iko hatua ishirini kutoka zahanati. Kama kuna watumishi ambao sheria iwafikirie kwanza, ni hawa, ambao hawana ukuta na ambao jina na pa kulala pao vimeunganishwa na kazi yenyewe. Na upande wa pili yuko raia. Dola inajua alama za vidole vyake, kwa kuwa tangu 2019 laini ya simu husajiliwa kwa vidole. Inajua namba ya nyumba yake. Akitaka kumshtaki mkubwa, iko Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, lakini katika kijiji ambako kila mlango unatazamana na mwingine, nani hatajua ni nani aliyepanda basi la kwenda wilayani asubuhi ile? Raia wa Ipililo anahitaji siri ya anwani kuliko mtendaji wake.

Turudi kwa kijana yule mwenye vyumba viwili. Haombi kufichwa, hata angefichwa, kijiji kingecheka. Anachohitaji ni kitu ambacho sheria ya taarifa haikukiandika, nacho ni mahali pengine pa kuwa mtendaji. Ofisi iwe na kiti cha pili, ili mwenye shauri la ng'ombe asilazimike kulifuata kwenye sufuria ya chakula cha jioni. Saa za kazi ziandikwe mlangoni na ziheshimiwe na yeye kwanza, maana Wasukuma wa Ipililo hawatangoja atoke kama wanajua hatoki. Na ofisi ya kijiji iwe na simu yake yenyewe, ya bei ndogo, yenye vocha ya halmashauri, ambayo namba yake ndiyo iandikwe pale mlangoni kwa rangi. Usiku iwe na mtu wa zamu, mgambo au mjumbe wa serikali ya kijiji, kwa ajili ya moto, wizi wa mifugo na mwenye uchungu wa uzazi. Mtendaji akihamishwa, aondoke na mkewe na mtoto wake na kitanda chake, na simu ibaki.